Kabla Hujaupokea Ufunguo wa Gari la Mtu

Siku za kazi niko ofisini nikijaza makaratasi ya forodha. Jumamosi na Jumapili navaa gambuti, nafuata magari majumbani mwa watu hapa Mombasa: Tudor, Kizingo, Nyali, mara mojamoja navuka feri hadi Likoni. Si kuosha kwa maji na sabuni tu. Natoa uchafu ulioganda kwenye rangi, napiga polishi kwa mashine, nafua viti, nasafisha injini. Niliianza kazi hii kwa sababu mshahara ulikuwa haufiki tarehe 20. Mambo ya sheria hayakunipitia akilini hata siku moja, mpaka nilipokutana na Toyota Axio nyeusi ya mwalimu mmoja mstaafu.

Nilikuwa ukingoni mwa boneti. Mashine ikakaa pale kidogo kuliko inavyotakiwa, rangi ikatoka, kijivu cha chini kikaonekana, upana wa sarafu ya shilingi 20. Fundi wa rangi niliyemwita kutoka Majengo alipitisha kidole akacheka. Boneti ile ilishapigwa rangi upya zamani, klia yake, ile rangi angavu ya juu, nyembamba kama ganda la kitunguu, chini yake puti ya kuzibia mabonde. Mzee hakuwa na habari. Yeye aliuziwa gari kama halijawahi kuguswa.

"Kijana wangu," akaniambia, wala hakupandisha sauti, "mimi gari nimekupa zima."

Ningemjibu nini? Sikuwa na picha hata moja. Kazi ilikuwa ya shilingi 3,500, boneti ikanila 9,000.

Rafiki yangu aliyesomea sheria alinieleza kwa neno ambalo sisi wa Pwani tumelelewa nalo: amana. Mwenyewe akishakukabidhi ufunguo akaenda zake, gari ni amana mikononi mwako. Likirudi na kasoro, yeye hana haja ya kueleza ulilikosea wapi. Wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba hukuzembea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu la kwanza lilitangulia polishi. Nilikosea pale getini, nilipopokea ufunguo nikasema "usijali mzee".

Siku hizi sishiki ndoo kabla sijalizunguka gari pamoja na mwenyewe. Napiga video ya mzunguko mzima, kisha picha za karibu: bampa, rimu, kingo za milango, kioo cha mbele. Gari likiwa chafu sana nalimwagia maji kwanza, maana vumbi huficha mikwaruzo, kisha ndipo napiga picha. Nawasha injini mbele yake tuone taa za dashibodi. Hili la taa msilidharau. Ukishasafisha injini, taa yoyote itakayowaka mwezi huo ni yako, hata kama sensa, kile kifaa kinachoipasha dashibodi habari za injini, ilikuwa inakufa tangu gari liko Japani. Injini siipigi kwa mashine ya presha tena; nafunika alteneta inayochaji betri na visanduku vya fyuzi kwa plastiki, natumia brashi na kitambaa. Mteja akitaka presha namwambia atafute mwingine.

Picha zote namtumia palepale kwa WhatsApp, na maneno mawili matatu: kazi ni hii, bei ni hii, kasoro nilizokuta ni hizi, ukingo huu rangi yake ni nyembamba kwa hiyo sitaupiga mashine. Anajibu "sawa". Hiyo "sawa" ni karatasi yangu. Na sizifuti. Nchini Kenya mtu ana miaka 3 ya kukushtaki kwa uzembe, na miaka 6 kwa kuvunja mapatano.

Kuna wanaobandika kibao ukutani: hatutawajibika kwa uharibifu wowote. Kibandike kama kinakupa usingizi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataka huduma unayouza iwe ya kiwango kinachofaa, na masharti ya kuliondoa jukumu hilo hayana nguvu. Na mtu anayekudai hahitaji kwenda mbali: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na inatakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60. Boneti yangu ingetosha humo mara mia.

Maji nayo. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi ikikaukia kwenye rangi nyeusi juani huacha madoa ambayo utayalipia kwa jasho. Nyumba nisiyoijua maji yake, naenda na mitungi yangu.

Ninachokiogopa kuliko yote ni kuendesha. "Lisogeze tu hapo kivulini." Hapana, mwenyewe alisogeze. Kama ana bima ya mtu wa tatu pekee, nikiligonga gari lake hakuna bima itakayolitengeneza, ni mfuko wangu. Kama ana bima kubwa, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe, kampuni inaweza kumlipa yeye kisha ikanigeukia mimi, tena bima nyingi za magari ya binafsi hazitaki gari litumike kwenye biashara ya magari. Siku nikilazimika, nina leseni, na nimeshamwomba anionyeshe cheti chake cha bima. Wengine hununa. Wanune.

Nilisajili jina la biashara nikadhani nimejenga ukuta. Jina si ukuta. Deni la biashara ya mtu mmoja ni deni lake mwenyewe, hadi kwenye friji ya nyumbani. Kampuni yenye dhima ya kikomo ni mambo mengine, ila kwa magari manne kwa wiki sijaona faida ya gharama zake. Fedha hizo nimezielekeza kwenye bima ya dhima, ile inayolipia hasara nitakayomsababishia mtu. Muulize wakala swali moja kabla hujalipa: gari lenyewe ninalolifanyia kazi limo? Bima niliyoonyeshwa kwanza ilimlipia mpita njia atakayeteleza kwenye povu, lakini gari lililo mikononi mwangu ililiacha nje.

Na ukimchukua kijana wa kukusaidia, hata wa wikendi, akiteguka au akirushwa na umeme wa mashine ni juu yako. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 inamtaka mwajiri amkatie bima.

Mwalimu bado ni mteja wangu. Huja na miwani mkononi, tunalizunguka gari pamoja, na kila tukifika kwenye boneti husimama akaniuliza kama hapo nimeshapiga picha.