Spana za kuanzia kwa Land Cruiser kuukuu

Ndugu yangu, hongera kwa gari. Umeuliza ununue vifaa gani kwanza ili uihudumie mwenyewe nyumbani, na kama lile boksi kubwa la vipande mia na kitu linafaa. Liache. Nusu yake hutaigusa. Boliti nyingi za Toyota ni za milimita 10, 12, 14, 17 na 19, basi nunua saizi hizo zikiwa za chuma kizuri, spana za ringi pamoja na soksi zake (vikombe vya chuma vinavyovishwa kichwa cha boliti) na raketi ya nusu inchi, yaani mpini wa kuzungushia soksi hizo.

Soksi ziwe za pembe sita, si kumi na mbili. Boliti ya gari lililopita kwenye matope na maji ya chumvi imeshikwa na kutu. Mimi niliwahi kuilazimisha ya 14 kwa soksi ya pembe kumi na mbili, ikala pembe zote, nikashinda siku nzima na tindo. Pulizia mafuta ya kulainisha kutu jioni, ufungue asubuhi.

Ongeza bomba la grisi na brashi ya waya. Ukibadilisha oili ya difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli), fungua kwanza nati ya kujazia, iliyo juu. Ukimwaga kabla, halafu ya juu ikagoma, gari halitoki hapo.

Tafadhali sana, nunua stendi mbili imara za kuegemeza gari lililoinuliwa kabla ya raketi ya bei. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.