Waliokula mbegu ya Studebaker

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ni chapa gani ya gari iliyokwisha kufa ambayo unaona haikustahili kufa, na nani aliiua?" Jibu langu ni Studebaker, ya mji wa South Bend, jimbo la Indiana, Marekani. Iliuawa na watu waliokabidhiwa ufunguo wa ghala, wakaila mbegu iliyowekwa kwa ajili ya kupanda. Na waliolala njaa baada ya hapo ni wale waliokuwa wakilima.

Nimekuwa karani wa hesabu katika SACCOS moja mjini Morogoro kwa miaka 26, kwa hiyo hata nikitazama gari nataka kwanza kujua fedha yake ilitoka wapi na ikaenda wapi. Mdogo wangu anaishi South Bend. Nilipokwenda kumtembelea alinipeleka kwenye makumbusho ya Studebaker akidhani tutakaa saa moja. Tuliingia asubuhi, tukatolewa wakati wa kufunga milango.

Hadithi yenyewe inaanza na wahunzi. Mwezi Februari 1852 Henry na Clement Studebaker walifungua karakana mjini hapo kwa mtaji wa dola 68, wakifua vyuma na kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Ndugu yao John alikimbilia California kwenye dhahabu, lakini alipofika Placerville akaona kila mchimbaji anahitaji toroli. Akakaa anawatengenezea. Mwaka 1858 alirudi nyumbani na dola 8,000, akanunua fungu la Henry, ambaye imani yake ya dini ilikataza vita na hakupenda kampuni kuuzia jeshi magari. Hizo dola 8,000 za matoroli ndizo zilizoipa kampuni mabawa. Vilipokuja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya kaskazini, lilinunua magari yao kwa wingi, na karne ilipokaribia kwisha hapakuwa na kampuni duniani iliyotengeneza magari ya farasi mengi kuliko wao.

Kinachonifanya niwaheshimu ni namna walivyovuka mto uliowazamisha wenzao. Watengenezaji wa magari ya farasi Marekani walikuwa wengi sana, na karibu wote walipotea injini ilipoingia. Studebaker walianza na gari la umeme mwaka 1902, wakaongeza la petroli mwaka 1904, na mwaka 1911 wakaimeza kampuni ya E-M-F ya Detroit wakawa watengenezaji wa magari kamili. Magari ya farasi waliyaacha mwaka 1920. Hao si watu waliolala usingizi.

Sasa njooni kwenye daftari.

Tangu mwaka 1915 kampuni iliongozwa na Albert Erskine. Alikuwa mtu wa hesabu, mweka hazina aliyepanda hadi kiti cha juu, na hilo linaniuma kwa sababu alijua kusoma kila mstari. Alinunua Pierce-Arrow mwaka 1928, magari ya matajiri, mwaka mmoja tu kabla ya soko la hisa kuanguka. Mwaka 1930, watu wakiwa wanapanga foleni za mkate, Studebaker iliwalipa wanahisa gawio la dola milioni 7.8. Faida ya mwaka ule ilikuwa kama sehemu moja ya tano ya fedha hiyo. Rudieni kusoma hapo. Walipata moja, wakagawa tano. Mwaka uliofuata wakagawa tena milioni 3.5. Erskine aliamini kwamba mdororo wa uchumi ungepita upesi na kwamba gawio nono litawatuliza wenye hisa. Machi 1933 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, haina fedha ya kulipa wadai, na Julai mwaka huohuo Erskine alijiua. Simsemi vibaya marehemu, ila kule kwetu mtu akigawa mtaji akauita faida tunamwondoa kwenye kamati siku hiyohiyo.

Waliookoa jahazi ni viongozi wenzake kampunini, Paul Hoffman na Harold Vance. Gari lao dogo la Champion, lililotoka mwaka 1939, lilikuwa jepesi na halinywi mafuta, likauzika. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kiwanda kilitoa malori ya US6 yanayokaribia 200,000, na mengi yalipelekwa Urusi ya Kisovieti, ambako askari walifunga mitambo ya roketi za Katyusha juu yake. Kiwanda kilitengeneza pia injini za ndege za kivita za B-17. Vita vilipokwisha, watengenezaji wakubwa wa magari wa Detroit walikuwa bado wanauza sura za kabla ya vita, Studebaker wakatoa gari jipya kabisa la mwaka 1947. Mwaka 1950 waliuza zaidi ya magari 300,000. Hawakuwahi kufika hapo tena.

Ni mwaka huo wa 1950 hasa ninaoulilia. Fedha ilikuwepo. Majengo yalikuwa ya zamani, ya ghorofa, ambamo bodi za magari zilihangaika kupanda na kushuka wakati washindani walikuwa wanajenga viwanda vya sakafu moja. Mishahara ilikuwa juu kuliko ya General Motors, kwa sababu viongozi walijivunia kwamba kwao hakuna mgomo na kila chama cha wafanyakazi kilipobisha hodi walifungua. Wafanyakazi siwalaumu; mtu ukimpa hawezi kukataa. Lakini kati ya wanahisa waliopewa gawio na wafanyakazi waliopewa nyongeza, kiwanda chenyewe hakikuachiwa cha kutosha kujijenga upya.

Matokeo yake yanaonekana kwenye gari zuri kuliko yote waliyotengeneza. Nilisimama mbele ya kupe (coupé, gari la milango miwili) ya mwaka 1953 muda mrefu mpaka mdogo wangu akaniuliza kama naumwa. Ni gari la chini, refu, limenyooka kama ngalawa, halina mapambo ya bati kama wenzake wa enzi ile. Lilichorwa na Robert Bourke katika studio ya mbunifu Raymond Loewy. Pua imeinama, kioo cha nyuma kimepinda taratibu, na ukipita ubavuni unaona mstari mmoja tu unaotoka taa ya mbele ukashuka mlangoni. Watu wa makumbusho ya sanaa walilisifu. Kiwandani mambo yalikuwa mengine: chesisi ilikuwa laini, injini ilipowekwa ilijipinda kidogo, na sehemu ya mbele ya bodi ikakataa kukaa sawa na nyingine. Kazi ikachelewa kwa miezi. Halafu uongozi ulikuwa umepanga kutengeneza sedani nyingi, magari ya familia, na kupe chache, wateja wakaja wanataka kupe. Sedani zikajaa uwanjani, kupe hazipatikani. Wakati huohuo Ford na Chevrolet wakaanza vita vya bei, na mdogo anayesimama kati ya tembo wawili mnajua yanayompata.

Mwaka 1954 Packard ya Detroit iliungana nao. Packard ilikuwa chapa ya heshima, na mkuu wake James Nance alidhani amepata mwenza. Baada ya ndoa ndipo alipofungua sanduku la vitabu. Ili Studebaker isipate hasara ilibidi iuze magari 282,000 kwa mwaka. Mwaka 1954 iliuza kama 82,000. Hakuna aliyepiga hesabu hiyo kwa makini kabla ya kusaini. Kiwanda cha Packard cha Detroit kilisimama mwaka 1956, na mwaka 1958 jina la Packard likafa, likiwa limebandikwa kwenye bodi za Studebaker. Yaani wawili waliokuwa wanazama walishikana mikono, na aliyekuwa na nguo nzuri akatangulia chini.

Kuna waliosema mgonjwa amepona. Mwaka 1959 walitoa Lark, gari fupi lenye bei ya mtu wa kawaida, wakapata faida ya dola milioni 28.5. Hiyo ndiyo mara ya tatu ghala lilikuwa na kitu. Bodi ya wakurugenzi ilifanya nini? Sehemu kubwa ya mawazo na fedha ilielekezwa kununua biashara nyingine, kuanzia viongeza vya mafuta vya STP hadi matrekta ya bustani, huku Ford, Chevrolet na Chrysler zikija na magari yao madogo ya mwaka 1960 na kulizunguka Lark pande zote. Sherwood Egbert, aliyeingia kama rais wa kampuni mwaka 1961, alijaribu kwa moyo wote. Alimwita Loewy, na timu ndogo ikajifungia Palm Springs, California, kwa wiki chache ikatoka na gari la Avanti: bodi ya nyuzi za kioo, breki za diski mbele, pua isiyo na wavu wa chuma. Lakini bodi zilizotoka kwa muuzaji kule Ohio hazikulingana, oda zikasubiri, wateja wakakata tamaa. Zilitoka chini ya 5,000. Egbert mwenyewe alikuwa anaumwa saratani.

Tarehe 9 Desemba 1963 ilitangazwa kwamba kiwanda cha South Bend kinafungwa. Gari la mwisho lilitoka tarehe 20, siku tano kabla ya Krismasi. Lipo makumbushoni, gari la aina ya Daytona, jekundu la rangi ya mvinyo, milango miwili, na nilipoinama dirishani niliona usukani mweupe wa gari lisilokwenda popote. Uzalishaji ulihamia Hamilton, Kanada, ukakokota miguu hadi Machi 1966. Kampuni yenyewe haikufa! Ilibaki na biashara zake nyingine, ikaungana na wengine, wenye hisa wakaendelea kuwa wenye hisa.

Na wafanyakazi? Hapa ndipo naomba nafasi, Mhariri.

Mpango wa pensheni ulianzishwa mwaka 1950. Mara kadhaa chama na kampuni walipokaa mezani, walikubaliana kuongeza pensheni, ikihesabiwa hata kwa miaka ya nyuma ambayo hakuna aliyekuwa ameiwekea fedha. Pengo hilo lilipangwa kujazwa kidogokidogo kwa miaka 30. Kwa karatasi, kila mtu ametajirika. Kiwanda kilipofungwa, mfuko haukuwa na hata robo tatu ya fedha iliyohitajika. Wastaafu na waliofikisha miaka 60, kama 3,600, walilipwa haki yao yote. Wa miaka 40 hadi 59 waliokwisha kuhesabiwa kuwa na haki, kama 4,000, walipewa senti 15 kwa kila dola waliyoahidiwa. Hao kwa wastani walikuwa na miaka 52 na utumishi wa karibu miaka 23. Wengine kama 2,900 hawakupata kitu. Na yote hayo yalifanyika kwa mujibu wa mkataba na sheria ya siku zile. Hakuna aliyeshtakiwa, kwa sababu hakuna aliyevunja sheria.

Niliposoma takwimu hizo ukutani nilitafuta pa kukaa. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo miaka mingi. Kilipofungwa aliambiwa mafao yanakuja. Alinunua bahasha ya kaki, akaweka ndani barua ya ajira, hati za mshahara na picha mbili za pasipoti, na kila alipoitwa kuhakikiwa aliondoka nayo alfajiri. Alikwenda kuhakikiwa mara kumi na moja. Bahasha ninayo mimi sasa, na picha bado zimo, kwa sababu hapakuwa na siku ya kuzitoa. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema Studebaker ilikufa kwa sababu magari yake yalikuwa na sura ngeni, moyo unanienda mbio.

Wamarekani, angalau, waliona aibu. Kisa cha South Bend kilipelekwa mbele ya Bunge miaka nenda rudi, na tarehe 2 Septemba 1974 Rais Gerald Ford alitia saini sheria inayolazimisha mifuko ya pensheni kuwekewa fedha kweli, pamoja na shirika la kuilipia bima. Wazee wa Studebaker haikuwarudishia chochote.

Kabla hatujatoka, mzee mmoja aliyejitolea kuwaongoza wageni alituonyesha mlango wa Lark na jinsi unavyofunga kwa kusukumwa na kidole kimoja. Alikuwa kijana wa miaka 20 kiwanda kilipofungwa. Baba yake alikuwa amefunga milango kama ile maisha yake yote, na alikuwa na miaka 56, kwa hiyo alikuwa miongoni mwa wale wa senti 15. Cheki ilikuja kwa posta. Nilimuuliza baba yake alizifanyia nini zile fedha. Mzee akaufungua mlango, akaufunga tena taratibu, akasema alinunua tairi nne mpya za Lark yake, akaendelea kuiendesha miaka kumi na moja.