Nilikaa kitini hadi milonga ikaisha

SWALI: Shikamoo shangazi. Nimejifunza dansi ya tango miezi kadhaa, na juzi nilikwenda milonga yangu ya kwanza, yaani ule usiku wa watu kukutana kucheza tango. Kikundi chetu ni kidogo, watu wanajuana, na Argentina, kwao tango, ni mbali. Nilikaa hadi mwisho bila kuinuliwa kucheza. Nilipomfuata kaka mmoja mezani kwake kumwomba, akanikatalia. Hawa watu wanaringa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wapo wanaoringa, sikufichi. Ila hilo la kumfuata mtu mezani ndilo lililokuponza. Iwe Buenos Aires, Berlin au Istanbul, milonga nyingi watu huombana kwa macho, yaani kabeseo. Unamtazama unayemtaka, akikutazama na kuinamisha kichwa kidogo kukubali, nawe ukaitikia, mmekubaliana. Asiyetaka hugeuza macho tu, na hakuna anayeaibika. Ukishamsimamia, hana pa kugeukia.

Basi chagua pa kukaa. Ukijibanza kwenye kona yenye giza na simu mkononi, hata anayekutaka hakupati. Kortina ikipigwa, kile kipande kifupi cha muziki usio wa tango, uwanja hubaki mtupu. Hapo tulia, sikiliza kwanza tanda inayoanza, yaani mfululizo wa nyimbo, ni ya okestra ya Di Sarli au ya D'Arienzo, ndipo uinue macho. Tanda ya tango mara nyingi ni nyimbo nne, na zote unacheza na huyo huyo. Usimshukuru kabla hazijaisha, ataelewa umemchoka.

Kule Ufini, wenye tango yao wenyewe na tamasha lake Seinäjoki tangu 1985, desturi ni nyingine: mtu anakwenda mwenyewe kumwomba mwenzake, na kuna zamu ya wanaume kuomba na zamu ya wanawake. Naipenda sana ile zamu.

Lakini wakongwe mnaonisoma, hili ni lenu. Buenos Aires kuna milonga kila usiku. Aliyekosa hapa atapata kule. Penye milonga moja kwa wiki, mgeni akikalishwa mara mbili harudi tena, na miaka michache baadaye mnabaki nyinyi kwa nyinyi mkilalamika ukumbi hauna watu. Kila usiku mpeni mgeni tanda moja, tena ya muziki mwepesi kufuata.

Nawe mwanangu, usiache kwenda praktika, yale mazoezi ya pamoja. Pale unaomba kwa mdomo, mnasimama katikati ya wimbo kurekebishana hatua, na hakuna anayeshangaa. Utakaocheza nao huko ndio hao hao utakaowakuta milonga, na safari hiyo watakutafuta kwa macho.