Maswali ya Wasomaji: Nivea ya kopo la bluu

SWALI: Nauza vipodozi Morogoro. Wateja hupenda kuniambia Nivea ni ya tangu enzi za Mjerumani, ndiyo maana wanaiamini. Je, ukongwe wa kampuni una maana yoyote, au ni biashara tu? – Muuza duka

JIBU: Wateja wako hawajakosea. Krimu hii ilianza kuuzwa Hamburg, Ujerumani, Desemba 1911, wakati Tanganyika ingali koloni la Wajerumani. Mfamasia Oscar Troplowitz alikuwa ameinunua kampuni ya Beiersdorf, watengenezaji wa Nivea, mwaka 1890. Mkemia Isaac Lifschütz alivumbua Eucerit, kiambato kinachotokana na mafuta ya manyoya ya kondoo, chenye uwezo wa kuyashika maji ndani ya mafuta yasitengane. Kabla ya hapo marhamu nyingi zilitengenezwa kwa mafuta ya wanyama au mimea, na zilichacha upesi. Kopo la bluu lilikuja 1925.

Lakini umri peke yake si sifa. Sisi tunampima Troplowitz kwa alivyowatendea wafanyakazi wake. Mwaka 1912 alipunguza wiki ya kazi hadi saa 48 bila kugusa mshahara, miaka sita kabla Ujerumani haijaweka kisheria siku ya kazi ya saa nane. Aliwapa pia likizo yenye malipo na chakula cha mchana bure. Huo ndio urithi wa kuringia, kwa kuwa ulimgharimu fedha zake mwenyewe.

Historia hiyo ina kovu pia, na mteja akitaka kuijua mwambie yote. Mwaka 1933 Wanazi walipoingia madarakani, washindani wa kibiashara walieneza kuwa Nivea ni krimu ya Kiyahudi wakitaka isusiwe. Mkuu wa kampuni, Willy Jacobsohn, ambaye alikuwa Myahudi, ilimbidi aachie ngazi na kuhamia Amsterdam. Baada ya vita, nchi nyingi zilitaifisha jina la Nivea, na Beiersdorf ikalikomboa nchi moja baada ya nyingine. Poland ilikuwa 1997. Kwa hiyo kwa miaka mingi kopo lenye jina hilo halikuwa lazima liwe la Hamburg.

SWALI: Nikijipaka ya kopo asubuhi, uso unang'aa mafuta hadi mchana na vipele vinatoka. Nimeuziwa feki? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Si lazima iwe feki. Ndani ya krimu hii matone ya maji yamezungukwa na mafuta, tofauti na losheni nyepesi ambazo maji ndiyo yanayoyazunguka mafuta. Ukipaka, maji hukauka na utando wa mafuta na nta hubaki juu ya ngozi. Utando huo unaokoa visigino, viwiko na mikono iliyochakazwa na sabuni. Kwa uso wenye mafuta, kwenye joto na jasho, ni mzito mno. Usoni tafuta losheni nyepesi, kopo liache kwa mwili.

Namna ya kupaka: oga, jikaushe kwa kugusagusa taulo, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa na unyevu, chukua kiasi cha punje ya harage kwa mikono yote miwili. Ipashe kwanza kati ya viganja hadi ilainike. Wengi hupaka nyingi juu ya ngozi iliyokauka kabisa, na hapo ndipo ngozi inang'aa huku ndani bado inavuta. Visigino vyenye nyufa vipake usiku, kisha vaa soksi za pamba.

Usichote kwa vidole vyenye maji, wala usiache kopo kwenye gari juani. Ukikuta mafuta yamejitenga au harufu imebadilika, tupa. Kukoroga hakuirudishi hali yake.

Jambo la mwisho ni kuhusu kile kiambato cha kondoo: kwenye orodha kinaandikwa «Lanolin Alcohol». Wapo wachache kinaowadhuru, hasa wenye pumu ya ngozi. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Ukiona wekundu, weusi usio wa kawaida au muwasho, acha. Kwa ngozi ya namna hiyo, mafuta mgando yasiyo na manukato ni salama zaidi na bei yake ni nafuu.