Kuni za mkaratusi wa uani

SWALI: Ndugu Mhariri, uani kwangu kuna mkaratusi mkubwa ulioinamia jiko. Niukate lini, na kuni nizihifadhije zisiliwe na mchwa? Msomaji, Bombo.

JIBU: Ndugu msomaji, ukate mwishoni mwa Desemba, ili kuni zipate kiangazi kabla ya mvua za Machi. Kwa kuwa umeinamia jiko, usiuangushe mzima. Mwite fundi wa msumeno akate matawi kwanza, kisha alishushe shina vipande vipande kwa kamba, hata kama jirani mwenye shoka atajitolea kwa bei ya chai. Magogo yapasuliwe yangali mabichi, kwa maana mkaratusi ukikauka huwa mgumu mno, na gogo lisilopasuliwa hukauka polepole, gome likizuia maji kutoka. Zipange kuni juu ya mawe, mbali na ukuta, uzifunike kwa bati upande wa juu tu. Wengi huzigubika kwa turubai hadi chini, zikaota ukungu. Ncha zikipasuka nyufa, na vipande viwili vikigonganishwa vikatoa mlio mkali, zinafaa kuwashwa. Kisiki kitachipua tena, nawe usipoyataka machipukizi hayo, yakate kila yanapotokeza.