SWALI: Kupiga mbweha usiku kwenye shamba la kondoo

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, naishi Wales, nimeajiriwa kwenye shamba la kondoo. Kila mwezi wa tatu na wa nne kondoo wakizaa, mbweha huja usiku wakabeba watoto wachanga. Tajiri wangu anataka tutoke pamoja usiku na taa kali, tummulike mbweha macho, tumpige risasi. Kibali cha bunduki ninacho. Imamu wa msikiti wa hapa, ambaye asili yake ni Pakistani, ameniambia mbweha ni haramu. Ndugu yangu wa Lamu anasema kwetu Mashafi ni halali. Je, yafaa nimuue? Kuwinda usiku si kumekatazwa? Damu au mate yake yakinigusa, nioshe mara saba? Na ngozi yake naweza kuiuza?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Nianze na hiyo haramu na halali, maana ndiyo iliyokuvuruga. Wote wawili wamesema kweli, ila walikuwa wanazungumzia kula, na wewe hukuuliza kula. Ndugu zetu wa Pakistani wengi ni Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, na kwao mbweha ni katika wanyama wenye meno ya kurarulia, haliwi. Kwetu sisi Mashafi, mwanazuoni wetu Imam Nawawi, katika kitabu chake Minhaj, amemtaja *tha'lab* (mbweha kama huyo wa Wales) pamoja na sungura na fisi katika wanaoliwa. (Ndiyo, fisi. Watu wa pwani wakisikia hili hukunja uso, lakini limo vitabuni.) Hata hivyo angalia lugha yetu inavyotutega: huyu tunayemwita mbweha huku Tanga, anayelia usiku maporini, kwa Kiarabu ni *ibn awa*, na kwa kauli yenye nguvu zaidi ya Mashafi huyo ni haramu. Huyo mwekundu wa Wales mwenye mkia wa manyoya ndiye *tha'lab*. Neno letu ni moja, wanyama ni wawili, na hukumu ni mbili. Usije ukarudi likizo ukawaambia wazee kwamba sheikh kahalalisha mbweha wa Handeni.

Sasa kuua. Mtume, rehma na amani zimshukie, ameruhusu wanyama watano wenye madhara wauawe hata ndani ya Haram, eneo tukufu la Makka: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kuuma. Wanazuoni wakaona sababu ni udhia, wakawapima wengine kwa kipimo hicho. Juu ya hayo, mwenye mali ana haki ya kuilinda. Basi mbweha anayeingia zizini mwenu akabeba wanakondoo, kumuua kunafaa, na wewe uliyeajiriwa huna dhambi, wala mshahara wako hauna doa.

Lakini haki hiyo ina mpaka. Fukahaa, yaani wanazuoni wa sheria, wanapozungumzia kumzuia mshambuliaji, mtu au mnyama, husema aanziwe na lililo jepesi. Likitosha hilo, halirukwi. Kwa hiyo muulize tajiri wako: kondoo waliokaribia kuzaa wanasogezwa karibu na nyumba? Uzio wa umeme upo? Mbwa wa kulinda yupo? Mbwa wa mifugo, wa kuwindia na wa shamba Mtume amewavua katika makatazo ya kufuga mbwa, hivyo usione tabu. Jingine, wafugaji wenyewe wanajua kwamba wanakondoo wengi hufa kwa baridi, njaa na maradhi, na mbweha huja kuokota mizoga na makondo ya nyuma. Anayeonekana asubuhi na mfupa mdomoni huenda si yeye aliyeua. Hakikisheni kwanza.

Linalonihuzunisha zaidi ni wakati wenyewe. Miezi hiyohiyo ambayo kondoo wenu wanazaa, mbweha nao wanazaa, na watoto wao huzaliwa hawaoni. Ukimpiga jike anayenyonyesha ukaenda zako kulala, umeacha roho nne au tano zife njaa shimoni. Unaikumbuka hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie? Ikiwa mna mbweha mnaowajua kwa uharibifu, wapigeni miezi ya baridi kabla hawajazaa. Na ikiwa jike ameshauawa na shimo linajulikana, msiwaache wale watoto wafe polepole.

Kuwinda usiku hakukukatazwa. Wanaokataza hushikilia hadithi ya kuwaacha ndege kwenye viota vyao, na Imam Shafi ameifafanua kuwa inahusu ile tabia ya Waarabu wa jahiliya ya kumfukuza ndege ili wapige ramli, aende kulia au kushoto. Haihusu uwindaji. Usiku una hatari yake nyingine: taa inaonyesha macho mawili yanayong'aa tu, na macho ya mbwa wa jirani, paka au kondoo wako mwenyewe nayo hung'aa. Huko kwenu kuna na mnyama anayeitwa *badger*, analindwa kwa sheria. Usibonyeze mpaka umeona mwili mzima na umejua nyuma yake kuna kilima cha kuipokea risasi, siyo barabara. Mtume amesema Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila jambo, "mkiua, ueni vizuri." Risasi moja mahali pake. Ukimjeruhi akakimbia, mfuateni mummalize, hata kama mvua inanyesha na mmechoka.

Kumwachia mbwa wamrarue huku watu wanashangilia ni haramu, bila kusitasita. Mtume amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Na kwa bahati sheria ya England na Wales imekataza uwindaji wa namna hiyo tangu mwezi wa pili 2005. Majirani wakikualika, kaa nyumbani. Vilevile ukijikuta unatoka usiku ambao hakuna aliyelalamika, kwa sababu tu umeizoea ile raha ya kulenga, basi jua umeshatoka kwenye ruhusa. Imam Nasai, katika kitabu chake cha hadithi, amepokea kwamba anayeua shomoro au kikubwa zaidi yake bila haki ataulizwa juu yake.

Kuhusu najisi, mara saba moja kwa udongo ni kwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Mbweha kwetu si mbwa, hata kama sura zinafanana. Akiwa hai si najisi, mate yake hayana neno. Damu ni najisi kama damu nyingine, ioshe iondoke, kisha uswali. Mkimpiga bila nia ya kuchinja kisharia ni kibudu, na kibudu hakiuzwi, kwa hadithi aliyoipokea sahaba Jabir. Ngozi yake mbichi iko katika hukumu hiyohiyo. Ikitengenezwa vizuri kwa dawa za ngozi, imetoharika, na hapo kuiuza kunafaa.

Na usiku huo wa Wales wa mwezi wa nne ni mfupi. Ukirudi saa nane usiku ukajitupa kitandani na viatu, Alfajiri itakupita. Weka saa mbili za kuamsha, moja uiweke mbali na kitanda.

Wallahu a'lam.