Jibu: Baba ameacha kuleta matunzo, nianzie wapi?

Dada yangu, umeeleza kwamba unaishi Makorora, jijini Tanga, na watoto watatu, kwamba baba yao ameondoka na haleti matunzo, nawe hujui ubishe mlango upi; umeuliza pia kuhusu ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaosaidia kaya maskini. Pole sana, na umefanya vyema kutolinyamazia jambo hili.

Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua ya utambulisho, kisha umwone ofisa ustawi wa jamii wa kata au wa Halmashauri ya Jiji la Tanga. Ofisa huyo humwita baba, huwakalisha pamoja na kuyaandika mliyokubaliana. Baba akikaidi, ombi la matunzo hupelekwa Mahakama ya Watoto, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na usifute ujumbe wowote wa simu ambamo anakiri au anakataa kuwahudumia, maana naona kina mama wengi hukwama kwa kukosa ushahidi wa maandishi.

Ikiwa kuna kipigo au vitisho, usisubiri usuluhishi wa wazee: nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo.

Kuhusu ruzuku ya TASAF, kaya hutambuliwa kupitia mkutano wa mtaa, kwa hiyo usikose kuhudhuria, hata kama unaona haya.